Nakosa pumzi usiku, mume wangu anasema najifanya

Shikamoo Anti,

Kumekucha na sijalala. Kifua kimenibana tena tangu saa nane usiku, nikakaa kitandani nimeegemea ukuta, mikono juu ya magoti, natafuta hewa mpaka adhana ya alfajiri. Baba watoto aliamka, akaniangalia, akavuta shuka akalala. Nisamehe kama maneno yangu hayakupangika.

Sikuandikii kuhusu ndoa yangu, nataka lieleweke hilo. Mume wangu si mlevi, hanipigi, nyumba anaihudumia kadiri bodaboda inavyompa. Ninachotafuta ni kujua naumwa nini. Lakini kuna neno alilisema mbele ya daktari, na tangu siku hiyo halijanitoka moyoni. Daktari aliniuliza mimi, "Mama, pumzi inakata ukifanya nini?" Sijafungua mdomo akajibu yeye: "Daktari, huyu pumzi inamkata akitajiwa kazi." Daktari akacheka. Akanibana kile kidude cha kidoleni, kikasoma 98, akasema hewa ninayo ya kutosha, ni wasiwasi tu. Akaandika vidonge vya usingizi. Kifuani hakunisikiliza kabisa.

Mimi wa kutajiwa kazi! Saa kumi usiku nimeshawasha moto uani, napika vitumbua, yeye hajageuka ubavu. Ada ya mitihani ya mtoto mkubwa ilitoka kwenye vitumbua. Viatu vya shule, vitumbua. Hata tairi la pikipiki yake la nyuma, muulize lilinunuliwa na nani. Mvivu hafanyi hivyo.

Ilianza masika ya mwaka jana, nikadhani mafua. Kikohozi kikavu, hasa usiku, na kifua kinalia kama filimbi nikilala. Duka la dawa wakanipa dozi, nikamaliza, kikarudi. Wakanipa nyingine. Baadaye nikaambiwa nipime TB. Nikatoa makohozi, wakaweka kwenye mashine, hakuna vimelea. Picha ya kifua safi. Lakini nikiwa bado nasubiri majibu wifi yangu alishatenga kikombe changu, kile cha bati chenye ukingo wa bluu, akakiweka juu ya kabati na kijiko chake. Majibu yametoka, nimewasomea kwa sauti wote wamesikia, na kikombe bado kiko juu ya kabati. Mume wangu anakiona kila siku. Hajawahi kusema neno.

Nimepima presha, iko sawa. Damu inatosha. Kipimo cha umeme wa moyo nacho walisema hakina tatizo. Kila jibu likitoka safi, nyumbani wanafurahi kama watu walioshinda kesi, na mimi natoka pale nalia. Sitaki kuumwa, Anti, nina watoto. Lakini kila nikiambiwa sina kitu, lile neno lake la siku ile linazidi kupata nguvu.

Mama mkwe akasema ni jini. Mimi ni Muislamu, dua siipingi na kisomo nakiamini, wasije wakasema nimekataa. Nikakubali. Wakanifunika kanga mbili, wakaweka chetezo cha ubani na udi chini ya pua yangu. Anti, pale ndipo nilipodhani nakufa. Koo lilifunga kabisa, nikawa napiga mikono chini, na wao wanasema "limejibu, limejibu, ongeza ubani". Nikaivua ile kanga kwa nguvu nikakimbilia uani. Hadi leo wanasimulia kwamba jini ndilo lililokimbia. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini moshi umenifanya vile.

Aliyejiuliza ni kijana mmoja, daktari wa zamu katika kituo kingine nilikokwenda peke yangu. Aliniuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza mtu: "Unapikia nini, na unapikia wapi?" Nikamwambia mkaa, na mkaa ukipanda bei nachanganya na kuni, kibandani, mabati pande tatu. Akauliza kama nikisafiri napata nafuu. Nikakumbuka kwamba nilipokwenda msibani kwa mama, wiki nzima sikupika, nililala. Akanieleza kuwa pumu inaweza kujificha. Mtu akipimwa wakati haijambana, kifua kinasikika kizuri, picha inatoka nzuri, na cha kidoleni kinasoma vizuri tu. Akasema hasemi kwamba ni pumu, ila nikapulize kwenye mashine ya kupima mapafu, nivute dawa, kisha nipulize tena waone tofauti. Akasema pia kwamba moshi wa kuni wa miaka mingi unaharibu mapafu hata ya mtu asiyewahi kushika sigara, na hilo nalo kipimo hicho husaidia kulionyesha. Akaniandikia rufaa kwenda kliniki ya kifua.

Nilirudi nimefurahi. Mume wangu akaisoma ile karatasi, akasema, "Mtoto mdogo huyo, bado anajifunza." Kisha, mbele ya wifi yangu: "Sasa umepata sababu ya kuacha kupika." Yaani neno ni lile lile, limebadilishwa nguo tu. Mimi sijasema naacha kupika! Nikiacha tutakula nini?

Gesi tunayo, mtungi mdogo wa kilo sita, ni wa chai na uji wa mtoto. Nikiweka vitumbua juu yake faida yote inaishia kwenye kujaza mtungi. Redioni nasikia mkakati wa nishati safi, kwamba ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanaitumia kupikia. Ni jambo jema na naliombea. Ila mimi hewa naihitaji usiku wa leo.

Kuna siku ilinibana sana, jirani akaniwekea mdomoni pampu ya mwanawe mwenye pumu. Kifua kilifunguka baada ya muda mfupi. Nililia kwa furaha. Nilipomsimulia baba watoto akasema, "Si unaona? Ni imani tu hiyo." Basi kikibana ni imani, kikifunguka ni imani. Wasiwasi nao ni ugonjwa, najua, siwadharau wenye nao. Lakini wasiwasi gani unaniamsha usingizini saa nane, sijaota, sijagombana na mtu?

Sasa Anti, Jumamosi zamu yangu ya kupokea fedha za mchezo inafika. Sina bima. Zile fedha zinatosha kipimo, nauli na dawa za mwanzo, au zinatosha kutengeneza injini ya pikipiki, ambayo tulishakubaliana tangu mwanzo wa mwaka. Naye anazisubiri. Nikizichukua nikaenda kliniki bila kumwambia, nitakuwa mke wa namna gani? Nikimwambia, atasema lile neno tena, na sitaki kulisikia tena mdomoni mwake. Wakati mwingine nataka aende nami, aone kwa macho yake napuliza mashine. Wakati mwingine sitaki hata ajue nimekwenda.

Na kama nikipuliza wakaniambia tena sina kitu? Fedha zimekwenda, pikipiki haiwaki, na yeye amepatia. Hilo naliogopa kuliko pumu yenyewe.

Niende au nimpe fedha zake? Na nikienda, nimwambie? Tafadhali nijibu kabla ya Jumamosi, na usitaje mtaa wetu, wifi yangu anakusoma.

Mama Vitumbua, Dar es Salaam