Kabla ya Magharibi Lulu awe ndani

Langoni, Lamu

Sahibu yangu Bakari,

Asalaam alaykum. Picha za farasi Lulu anavyojikuna ulizonitumia nimezitazama hadi macho yakaniuma. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu utanikatiza kabla sijafika nusu, nakujua.

Bosi wako anasema huo ni upele wa kuambukiza na farasi atengwe. Haya, kama unaambukiza, mbona wale wawili wanaolala naye banda moja hawajikuni? Tazama na mahali alipoliwa: singa zimeisha, shina la mkia lina magaga, na chini ya tumbo katikati pamekwaruka. Nasadiki kabisa ukivizia utakuta jioni anapagawa, na usiku wenye upepo anatulia. Ndugu yangu, hao ni usubi, vile vidudu vidogo vinavyouma.

Unamkumbuka Chiriku, punda wangu wa kubebea mchanga? Masika ya mwaka juzi alikuwa akijisugua kwenye kuta za vichochoro mpaka akina mama wa Mkomani wakanisuta kwamba namtumia kuwabandulia chokaa. Mimi na ujuaji wangu nikampaka oili chafu ya injini ya boti. Gatini kila mzee alinisifu. Siku ya tatu ngozi ikaanza kutoka pamoja na oili, na ile miguno aliyokuwa akiguna naisikia hadi leo. Hilo sijamsimulia mtu, na wewe ukae nalo.

Daktari wa mifugo aliyemtazama hakunigombeza, ndiyo ikaniuma zaidi. Aliniambia shida si jeraha, shida ni mate ya usubi. Mnyama mwingine akiumwa, ameumwa tu, yamekwisha. Huyu mwili wake umeyachukia yale mate, basi wakimuuma wachache tu anawashwa kutwa kucha, na anayejitoa damu ni yeye mwenyewe kwa kujisugua. Akanipa kisa cha farasi wa Iceland: kwao wameishi karne nyingi bila kuwajua usubi hawa, lakini wakiuzwa nchi nyingine za Ulaya, wengi wao ndio wanaojikuna kuliko farasi wa hapo. Pia mara nyingi jambo hili hupita kwenye damu, mama hadi mtoto. Kwa hiyo yale maneno ya bosi kutaka kumpandisha Lulu mwakani, mwambie kwa adabu aachane nayo.

Sasa kazi yako. Usubi hutoka zaidi Magharibi na alfajiri. Kabla ya adhana ya Magharibi Lulu awe ndani, na asitolewe mpaka jua limepanda. Ukinifuata hilo moja tu, umeshafika nusu ya safari. Mfungie feni bandani, waya uwe juu asiufikie, kwa sababu vidudu hivi ni vya milimita moja hadi tatu na havina nguvu ya kushindana na upepo. Chandarua cha mbu usikitegemee, hupenya kwenye matundu yake. Tafuta wavu wa matundu madogo zaidi. Lile dimbwi nyuma ya banda, lenye samadi na maji ya kuogeshea, ndipo wanapozaliwa. Lifukie. Mchana mtoe upande wa bahari, kusi imeshaingia na huko hawasogei.

Ngozi mwoshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi (si ya baharini, hata kama vijana wa ufukweni watakuapia) na sabuni laini, umkaushe. Palipo pazima paka mafuta ya nazi, usubi hawapendi kutua penye mafuta. Ile dawa nyeupe ya upele inayouzwa famasi, benzili benzoeti, inafukuza, ila usiiguse penye kidonda, inachoma. Ukipata dawa ya permethrini ya mifugo, fuata kipimo chake na uwaweke paka mbali. Kwa paka ni sumu, nami najua unavyolisha nusu ya paka wa mtaa.

Kuhusu ile sindano ya kortisoni aliyokuahidi yule kijana wa duka la dawa: ni kweli inakata muwasho upesi, tena sana. Lakini kwa farasi inaweza kuleta uvimbe ndani ya kwato, na Lulu alivyonenepa ndio naogopa zaidi. Farasi akishindwa kusimama, muwasho utautamani. Iamuliwe na daktari, kipimo chake na siku zake. Huku sisi tunadeka, kliniki ya punda ipo tangu 1987 na kutibiwa ni bure. Wewe itabidi umlipe daktari. Akija mwombe aangalie pia chawa, ukurutu wa utitiri na minyoo ya mkunduni, maana hiyo minyoo nayo humfanya asugue mkia.

Na hili usilifanyie mzaha. Usubi haohao hubeba ugonjwa wa farasi wa Afrika. Punda anaweza kuwa nao akaendelea kutafuna kama kawaida, farasi mara nyingi unamuua. Ukiona homa, vishimo vya juu ya macho vimevimba, au anahema kwa shida na povu puani, usimalize kusoma barua hii, mpigie daktari. Akivimba uso ghafla baada ya kuumwa, vilevile.

Chiriku sasa ana singa, fupi lakini zipo. Kila masika namfungia ndani mapema, na ananilalamikia kwa sauti ambayo mtaa mzima unaijua.

Nipigie picha ya mkia wa Lulu baada ya wiki mbili, mchana, upande uleule, tulinganishe. Msalimie shemeji, na mwambie halua ninayodaiwa sijaisahau.

Ndugu yako,
Shee