Rais hachimbi mtaro: barua ya wazi kwa mnaomchagua rais kwa mara ya kwanza

Wajukuu zangu,

Nawasalimu. Mnabishana, na ubishi wenu ni mzuri. Mmoja anasema kura yake ni ya ajira na hataki kusikia lingine. Mwingine anataka bei za vitu zishuke. Wa tatu anasema rushwa, wa nne usalama, na yupo aliyeapa kumchagua anayezungumza vizuri, kwa kuwa amechoka kuona aibu rais anapohutubia nje ya nchi. Kisha mnaniuliza: lipi litangulie?

Sitawatajia moja. Nitawapa maswali mawili, mpime nayo kila jambo mnalolishika. La kwanza: je, jambo hili kweli limo mikononi mwa rais? La pili: akikosea, je, uchaguzi ujao utaweza kulirekebisha? Jambo lililo mikononi mwake, tena lisilorekebishika kwa urahisi, hilo ndilo zito kwenye karatasi ya urais, hata kama leo halikuumi popote.

Swali la kwanza pekee linaua nusu ya ahadi za kampeni. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliziachia kaunti 47 zahanati, hospitali za kaunti, barabara za kaunti na uzoaji wa taka. Serikali ya kitaifa ikabaki na hospitali za rufaa na sera ya afya. Marekani, shule za umma ziko chini ya majimbo na bodi za elimu za huko huko, na polisi wengi wanaomkimbiza mwizi huwajibika kwa mji au kaunti, si kwa Ikulu. Hata hivyo kila msimu wa kampeni utamsikia mgombea urais akiahidi mitaro, dawa za zahanati na madawati. Huyo ama hajui kazi anayoiomba, ama anaijua na anawachezea. Zipo nchi ambazo rais huteua viongozi mpaka ngazi ya wilaya, na huko mkono wake ni mrefu zaidi. Katiba yenu inasemaje? Hilo lazima mlisome wenyewe, jukwaani hamtaambiwa.

Sasa bei. Najua ndilo linalowauma wengi, na hamko peke yenu. Kituo cha utafiti cha Pew kilipowauliza wapiga kura wa Marekani mwaka 2024, 81 kati ya kila 100 walisema uchumi ni muhimu sana katika uamuzi wao. Barani Afrika, Afrobarometer wamekuwa wakihoji wananchi tangu 1999, na ukosefu wa ajira hujitokeza mara kwa mara kileleni mwa orodha ya matatizo. Sitamwambia mtu mwenye njaa kwamba njaa yake si siasa.

Lakini sikilizeni kisa hiki. Mwaka 1979 rais wa Marekani, Jimmy Carter, alimteua Paul Volcker kuongoza benki kuu. Bei zilikuwa zinapanda vibaya. Mwaka 1980 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 13. Volcker akaamua kuukaba kwa riba kali, mikopo ikawa ghali, viwanda vikapunguza watu. Wapiga kura wakaona maumivu, hawakuona dawa. Novemba 1980 wakamwondoa Carter na kumweka Ronald Reagan. Kufikia 1983 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 3, na mwaka uliofuata Reagan akachaguliwa tena kwa kishindo, akipongezwa kwa uchumi uliotulia. Nani alizituliza bei? Rais aliyeadhibiwa ndiye aliyemteua mtu wa kuzituliza. Aliyepongezwa alikuwa na ujasiri wa kutomzuia, na hilo nalo tumhesabie. Mnaona jinsi ilivyo vigumu kumsoma rais kwa bei za mwezi huu?

Kwa hiyo mgombea akiwaahidi kushusha bei, msimuulize atazishusha kwa kiasi gani. Muulizeni atamteua nani benki kuu, na kama atamwacha gavana huyo afanye kazi hata pale riba itakapomkosesha kura.

Mtaniambia: babu, hata hivyo tunayo haki ya kumwadhibu aliyeshindwa. Mnayo, na inafanya kazi. Agosti 2021 Wazambia walimwangusha Edgar Lungu na kumpa nchi Hakainde Hichilema, aliyekuwa anagombea kwa mara ya sita. Ghana, baada ya mfumuko kuvuka asilimia 50 mwishoni mwa 2022 na serikali kusimamisha malipo ya madeni ya nje, wapiga kura walikiondoa madarakani chama tawala, NPP, Desemba 2024. Hasira ni nguvu halali ya mpiga kura. Ila hasira inakuonyesha wa kumtoa tu. Wa kumweka haikuonyeshi. Malawi wanalijua hilo. Mwaka 2020 walimtoa Peter Mutharika na kumweka Lazarus Chakwera, kwa shangwe kubwa. Maisha yakazidi kuwa magumu, na Septemba 2025 wakamtoa Chakwera na kumrudisha nani? Mutharika yule yule. Siwalaumu, walichagua kati ya waliokuwepo. Ninachosema ni kwamba hasira ikishamaliza kazi yake bado kuna kazi ya pili, na ndiyo ngumu.

Hapo naingia kwenye lile ambalo vijana mnalipita mbio: uteuzi. Rais hafanyi mambo mengi kwa mkono wake. Anateua. Jaji, gavana wa benki, mkuu wa majeshi, mkuu wa polisi, mkaguzi wa hesabu, na katika nchi nyingi hata wale watakaohesabu kura yako safari ijayo. Wengine katika hao watakaa kuliko yeye.

Marekani majaji wa Mahakama ya Juu hukaa maisha yao yote, isipokuwa wajiuzulu au waondolewe. Carter, katika miaka yake minne, hakupata nafasi ya kuteua hata mmoja. Donald Trump, katika muhula wake wa kwanza, alipata nafasi tatu. Mwaka 2022 mahakama hiyo ilifuta uamuzi wa 1973 uliolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, na wote watatu walikuwa upande wa walioufuta. Uwe unaliunga mkono jambo hilo au unalipinga, tazama tarehe. Kura ilipigwa 2016, hukumu ikatoka 2022, wakati aliyewateua hayupo tena Ikulu. Wapo waliopiga kura ile wakifikiria viwanda na mipaka tu, na wapo waliokaa nyumbani. Wote walishiriki kuchagua majaji.

Na msidhani ni habari ya Marekani tu. Februari 2020 majaji wa Malawi walifuta matokeo ya uchaguzi wa rais wa 2019. Juni, siku chache kabla ya marudio, serikali ikatangaza kwamba Jaji Mkuu, Andrew Nyirenda, aende likizo ya kusubiri kustaafu. Mawakili na majaji waliandamana, mahakama ikazuia, uchaguzi ukafanyika na aliyekuwa madarakani akashindwa. Kenya nayo, Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Majaji wa namna hiyo hawaoti kama uyoga. Kuna siku mtu aliwapendekeza, mwingine akawahoji, rais akatia saini, na siku hiyo hakuna aliyeandika bango.

Kwa hiyo muulizeni mgombea majina. Atasema ni mapema mno. Basi mtazameni amezungukwa na nani sasa hivi. Nani anamshikia mfuko wa kampeni? Nani anazungumza kwa niaba yake akiwa hayupo? Hao ndio baraza lake la mawaziri, kasoro kiapo.

Madeni nayo yanafaulu mtihani wa maswali yote mawili. Zambia iliuza hatifungani, yaani hati za kukopea, kwenye soko la kimataifa mwaka 2012, ikarudi 2014, ikarudi 2015. Mbili za kwanza zilikuwa za enzi ya Michael Sata, aliyefariki akiwa madarakani mwaka 2014. Ya tatu ya enzi ya Lungu. Novemba 2020 nchi ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Aliyehangaika miaka na wadai kupanga upya malipo ni Hichilema, ambaye hakukopa hata senti ya hizo. Rais akijenga kwa mkopo, utepe anakata yeye, hundi mnaandika nyinyi mkiwa na watoto. Katika ilani ya kila mgombea tafuteni neno "mkopo". Kama ahadi ni kubwa na neno hilo halipo, jueni lipo.

Mambo ya nje nayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo. Ni kwamba mpiga kura hana njia nyingi za kuyapima kabla. Angalieni tu mgombea anavyozungumzia majirani akiwa na hasira. Kuhusu kabila na dini ya mgombea, mnajua ninachofikiri. Na ufasaha? Nimewahi kusikia hotuba tamu kutoka kwa watu ambao sitaki kuwataja.

Sasa niseme ninaloliweka mimi juu ya yote: je, mtu huyu atakubali kuzuiwa, na je, ataondoka?

Machi 2022 Wakorea Kusini walimchagua Yoon Suk-yeol kwa tofauti isiyofika hata asilimia moja. Moja ya mambo yaliyogombaniwa sana lilikuwa bei ya nyumba, hasa Seoul, na lilistahili kugombaniwa, vijana walikuwa hawapati pa kuishi. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 rais huyo akatokea kwenye televisheni na kutangaza utawala wa kijeshi. Askari wakaenda bungeni. Katika mabishano ya 2022 kuhusu nyumba, nani alimuuliza kama siku akikwaruzana na Bunge ataliheshimu?

Guinea wao walilipia somo hilo kwa bei kubwa zaidi. Alpha Condé alikuwa mpinzani wa miaka mingi, aliwahi kufungwa, akaingia madarakani 2010 huku watu wakilia kwa furaha. Mwaka 2020 ikapitishwa katiba mpya, akadai mihula yake inaanza kuhesabiwa upya, akagombea mara ya tatu na akatangazwa mshindi. Watu waliuawa kwenye maandamano. Septemba 2021 jeshi likampindua. Kwa hiyo msiniambie mgombea wenu hawezi kung'ang'ania madaraka kwa sababu aliteswa na walioyang'ang'ania. Mateso hayampi mtu kinga.

Kuna dalili za kumtambua mapema. Je, ndani ya chama chake amewahi kushindwa kura na akakubali? Mwenyekiti wa chama ni nani, na tangu lini? Anapoulizwa swali gumu na mwandishi wa habari, hujibu swali au humjibu mwandishi? Akishindwa kesi, hukata rufaa au hutukana mahakama? Novemba 2023 George Weah wa Liberia alishindwa kwa tofauti ndogo, karibu kura 20,000 tu, akapiga simu kumpongeza mshindi kabla hesabu haijakamilika. Unaweza kumlaumu Weah kwa mengi ya utawala wake, na Waliberia walimlaumu, ndiyo maana wakamtoa. Lakini walimtoa na wakalala salama. Rais mbaya anayeondoka ni hasara ya miaka mitano au sita. Rais hodari asiyeondoka hana tarehe ya mwisho, na uhodari wenyewe huisha yeye akiwa bado yupo.

Yupo atakayesema haya ni mambo ya waliokwisha kula, kwamba katiba hailiwi. Ni hoja ya kweli na siikimbii. Ila aliye na njaa ndiye anayehitaji zaidi njia ya kumtoa aliyemletea njaa. Tajiri ana njia nyingine. Atapiga simu, atahamisha fedha, atahama mwenyewe. Nyinyi mna tarehe moja tu kila baada ya miaka kadhaa, na mtu mmoja tu anaweza kuifuta tarehe hiyo.

Bado sijamaliza. Rais mnayemchagua anaweza kuwa na nia zote njema na asifanye lolote, kwa sababu hana wabunge. Ufaransa, mwaka 1997, Rais Jacques Chirac alivunja Bunge akitaka kujihakikishia wingi wa wabunge. Wapinzani wakashinda, na kwa miaka mitano akakaa na waziri mkuu wa upande wa pili, Lionel Jospin, aliyeendesha mambo mengi ya ndani. Kwa hiyo kila ahadi inayohitaji sheria au bajeti, muulizeni mgombea: kura za bungeni utazitoa wapi?

Nawaandikia hili kwa sababu siku ile mtapewa karatasi zaidi ya moja, na ninawajua. Mtaikodolea macho ile ya urais, hizo nyingine mtaweka alama kwa kufuata rangi ya chama, mtoke nje mkapige picha ya kidole. Kumbukeni Korea. Usiku ule wa Desemba wabunge walikimbilia ukumbini, baadhi yao wakiruka ukuta kwa sababu polisi walikuwa langoni. Walioweza kufika walikuwa 190, na wote 190 walipiga kura ya kuufuta utawala wa kijeshi, saa chache tu baada ya kutangazwa. Siku kumi na moja baadaye Bunge hilo hilo likapiga kura ya kumshtaki rais, na Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa. Wabunge wale walikuwa wamechaguliwa miezi minane kabla, Aprili 2024, katika uchaguzi ambao urais haukuwamo kabisa. Majina ya wagombea ubunge wa jimbo lenu mnayajua? Nitajieni matatu.

Ni mimi babu yenu.