Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kinda wa Kijivu

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umeombwa kuandika na kuchora kitabu cha watoto kuhusu mnyama mdogo anayeondoka nyumbani. Umeniuliza iwapo sungura anafaa. Kwa maoni yangu, sungura wetu wa hadithi amezoea kushinda kwa ujanja, na mwenye ujanja wa kiasi hicho hana haja ya ujasiri, mwache apumzike.

Mchore kinda wa flamingo. Sisi wa Nakuru tumezoea kuwaona ndege hawa wakiwa wakubwa na wenye rangi ya waridi, lakini flamingo wa ile aina ndogo katika Afrika Mashariki karibu wote huanguliwa katika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ambako maji makali ya magadi huwazuia wanyama wengi wawindao. Kinda huwa wa kijivu, kwa kuwa hajapata ile rangi inayoletwa na kula mwani, na muda mfupi baada ya kuanguliwa hujiunga na maelfu ya makinda wenzake, wakatembea kwa miguu juu ya matope ya chumvi wakiangaliwa na ndege wakubwa wachache tu. Safari ya kuruka huja baadaye, na aghalabu ni ya usiku.

Kitabu cha picha kwa kawaida huwa na kurasa 32, nawe utashawishika kumfanya kinda wako shujaa kabla ya ukurasa wa 10. Usifanye hivyo. Wanafunzi wangu wa gredi ya pili huanza kuchezea kalamu pale mnyama anapotangaza kwamba haogopi kitu, bali hunyamaza na kusogea karibu anapoinua mguu huku bado anaogopa. Basi mwache aogope hata ukurasa wa 28. Tena, ukichora miguu inayotetemeka, usiandike kwamba inatetemeka.

Nimeona pia kwamba katika vitabu vya namna hii wazazi huondolewa mapema, wengine kwa kuliwa. Sina kinyongo, ila nakuomba umbakize mama yake hai, japo pembeni mwa ukurasa, kwa maana flamingo hurudi kumlisha mwanawe, akimtambua kwa sauti yake katikati ya kundi lote.

Michoro ya kwanza ikiwa tayari, itume kwa basi wala si kwa simu, kwani kwenye kioo kidogo sitaweza kuyaona macho yake vizuri. Baba yako anakusalimu.

Mimi mama yako