Tuambiwe namba ya goti kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee goti la bandia. Siongelei oparesheni yenyewe maana hiyo inasemwa sana, naongelea zile wiki za mwanzo ambazo mgonjwa amesharuhusiwa, yuko nyumbani kwake kitandani na hospitali iko mbali, hapo ndo mimi goti langu lilipokakamaa likagoma kukunja na kunyooka, na mpaka leo sijalirudisha lote.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mama wa miaka 64, naishi Tanga. Goti la kulia lilinisumbua miaka tisa, lilikua limesagika kabisa, nikapaka dawa zote, nikachuliwa na wachuaji wote wa mtaani, nikanywa vidonge vya maumivu mpaka presha ikapanda. Mwezi wa tano mwaka jana watoto wakachanga, bima ikachangia, nikabadilishwa goti Dar es Salaam. Hospitali sitaitaja, na madaktari walionipasua nawashukuru kwa dhati maana chuma kimekaa vizuri, hilo halina ubishi.

Siku ya tano nikaruhusiwa. Nikapewa dawa, tarehe ya kutoa nyuzi za kidonda, tarehe ya kliniki wiki ya sita, na karatasi moja ya mazoezi imeandikwa kiingereza ina michoro midogo midogo. Binti yangu akauliza mama afanye nini nyumbani, akajibiwa afanye mazoezi na apumzike. Basi. Tukapanda gari ya mtoto wa dada yangu, Dar mpaka Tanga ni zaidi ya kilomita 300, njia nzima mguu umevimba nalia.

Sasa nyumbani kwetu mgonjwa akitoka kupasuliwa anahudumiwa kweli kweli. Mashoga zangu walikuja, mawifi walikuja, kila mtu anasema mwalimu usijisumbue, lala, sisi tupo. Wakaniwekea mto mnene chini ya goti ili lisiume, na kweli goti likikaa limekunjika kidogo juu ya mto maumivu yanapungua, nikalala hivo usiku na mchana karibu mwezi. Wifi yangu akawa ananikanda kwa maji ya moto jioni ili uvimbe ushuke, uvimbe ukazidi. Nikijaribu kukunja mguu naumia mpaka jasho linatoka, naacha, na wote wanasema acha bibi usijitoneshe. Walikua wananipenda na sina lawama kwa hata mmoja wao, maana hamna aliyewaambia kwamba ule mto ndo unaniharibu.

Wiki ya sita nikarudi kliniki Dar. Eksirei ikapigwa, daktari akaangalia akasema vyuma viko sawa, kidonda kimefunga vizuri, ongeza mazoezi. Dakika kumi nimetoka. Hakuna aliyeweka kipimo kwenye goti langu kuona linakunja kiasi gani. Nikarudi Tanga nikijua niko salama wakati siwezi kupanda ngazi tatu za barazani kwangu, siwezi kukaa kwenye kiti bila mguu kutoka mbele kama mti, na usiku naamka mara nne tano kwa maumivu ya kubana, kama kuna mkanda umekazwa kuzunguka goti kwa ndani.

Kilichonisaidia ni kijana mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, hapa hapa Tanga, nilipelekwa kwake wiki ya nane baada ya binti yangu kuona mama anazidi kuchechemea. Alitoa kipimo cha plastiki chenye mikono miwili, wanakiita goniometa, kinafanana na kipimapembe nilichokua nafundishia hesabu darasani, akakiweka ubavuni mwa goti akasema mwalimu goti lako linakunja nyuzi 55 tu za pembe, na ukilinyoosha linabakiza nyuzi 15 kunyooka kabisa. Nilifundisha pembe miaka thelathini na kitu na sikuwahi kufikiria kwamba ipo namba inayopima maisha yangu.

Akanielezea na nataka wasomaji waelewe kama nilivyoelewa mimi. Ukipasuliwa, mwili unatengeneza kovu, siyo juu ya ngozi tu, hata ndani ya goti. Hilo ni la kawaida kwa kila mtu. Lakini kwa baadhi ya watu mwili haujui kuacha, unaendelea kutengeneza kovu mpaka linajaa juu ya pia ya goti, kile kifupa cha mbele, na pembeni mwake, linashikanisha vitu ambavyo vinatakiwa viteleze, pia ya goti yenyewe inaganda haisogei huku wala kule. Ukiumia husogezi mguu, usiposogeza kovu linapata nafasi ya kukaza, likikaza unaumia zaidi, unazunguka hapo hapo. Wataalamu wanaita athrofaibrosisi. Na makovu hayo kwenye eksirei hayaonekani, eksirei inaonyesha mfupa na chuma, ndo maana niliambiwa niko sawa na mimi najiona siko sawa.

Akaniambia kutembea tu tambarare goti linahitaji kukunja kama nyuzi 65 hadi 70, kupanda ngazi 80 na kitu, kushuka ngazi na kuinuka kwenye kiti cha kawaida ni 90 kwenda juu, kiti cha chini 100 na zaidi. Kuchuchumaa chooni kunataka nyingi zaidi ya hapo, 120 na kuendelea, na kukaa tahiyatu kwenye mkeka ndo kabisa. Na kutokunyooka ni kubaya kuliko hata kutokukunja, maana mtu anatembea goti limepinda muda wote, misuli ya paja inachoka, kiuno kinaanza kuuma, mguu mmoja unakua kama mfupi. Wengi wetu tunahangaika na kukunja tu tunasahau kunyoosha.

Kuna mambo yaliyokua yananiweka kwenye hatari toka mwanzo na hayakusemwa. Goti langu kabla ya oparesheni lilikua tayari linakunja kidogo, miaka tisa nimelibembeleza, na goti lililoingia chumba cha upasuaji likiwa gumu lina uwezekano mkubwa wa kutoka gumu. Tena nina kisukari. Mgonjwa kama mimi alitakiwa kuangaliwa kwa karibu zaidi ya wengine.

Yule kijana hakukaa na mimi kunipa moyo tu, alipiga simu kwa daktari wangu siku ile ile, akaandika na barua. Akaniambia mwalimu hapa tunashindana na muda. Ipo njia ya kulazwa kwa nusukaputi halafu daktari anakunja goti kwa mikono yake taratibu mpaka makovu yanaachia, na hiyo inafanya kazi vizuri kovu likiwa bado bichi, kabla ya miezi mitatu kuisha. Ukichelewa sana kovu limekua gumu kama kamba ya meli, kulikunja kwa nguvu kunaweza kuvunja mfupa wa paja au kukata kano, hapo inabaki kuingia na kamera kuyakata makovu, au kupasuliwa upya kabisa. Kabla ya yote hayo walinipima damu kuhakikisha hamna maambukizi kwenye goti, maana goti lenye usaha ndani nalo linakakamaa na linauma, na hilo tiba yake ni nyingine kabisa.

Wiki ya kumi nikakunjwa. Sikusikia kitu, nilipoamka daktari akaniambia makovu yalikua yanalia kama kitambaa kinachochanika na goti lilifika nyuzi 105 pale mezani. Kesho yake asubuhi lilikua 90 na limevimba kama boga. Safari hii hakuna aliyeniambia nipumzike. Kuanzia siku hiyo hiyo nilikua nakunja na kunyoosha, nikakaa kwa mwanangu Dar wiki mbili nikienda fizio kila siku isipokua jumapili, halafu Tanga mara tatu kwa wiki, bajaji shilingi 4,000 kwenda na kurudi.

Nieleze nilichokua nafanya maana naamini kuna mama yuko kitandani sa hivi anasomewa barua hii. Mto ulitoka chini ya goti ukahamia chini ya kisigino, goti likabaki linaning'inia hewani lishuke lenyewe kwa uzito wake, dakika kumi, mara kadhaa kwa siku, inauma lakini ndo inayonyoosha. Nilikaa sakafuni na sinia, kisigino juu ya sinia lenye poda ya mtoto kidogo, nikiteleza mguu kuja kwangu, na kanga nimeipitisha chini ya unyayo navuta kwa mikono miwili, pale panapogoma nahesabu hadi ishirini naachia. Pia ya goti naisukuma kwa vidole juu chini kushoto kulia, baada ya kidonda kupona lakini. Kidonge cha maumivu nilichoandikiwa nameza kama nusu saa kabla ya mazoezi na siyo baada. Badala ya maji ya moto ni barafu iliyofungwa kwenye taulo dakika kumi na tano, jirani yangu anayeuza barafu za ukwaju alinigandishia maji kwenye friji lake miezi miwili na hakutaka hela. Mguu ukivimba sana au ukiuma usiku mzima ujue umezidisha, kesho yake unapunguza, huachi. Na mchuaji wa mtaani msimwite jamani, anaweza kukivuta kidonda kikachanika au kuvunja kitu, kukunjwa na daktari ukiwa umelala kwa dawa na kuvutwa na mtu anayekanda kwa mafuta ya nazi ni vitu viwili tofauti.

Jambo moja linaniuma. Pale fizio Dar nilikutana na mzee mmoja mvuvi, alifanya kila kitu walichomwambia toka siku ya kwanza, mazoezi asubuhi mchana na jioni, mkewe anamhesabia, na bado goti lake likakakamaa. Watoto wake walikua wanamwambia baba umezembea. Alikua analia yule mzee. Huu ugonjwa wa kovu unawapata hata wasiozembea, mwili wa mtu una namna yake ya kupona, na mgonjwa anayeumia usiku na mchana halafu anaambiwa mvivu, huyo mnamvunja kabisa, anaacha hata kwenda kliniki. Mimi mwenyewe nilificha maumivu yangu wiki mbili nzima kwa sababu ya kuogopa kuonekana nadeka.

Sasa ombi langu kwa hospitali zetu zinazobadilisha magoti, na ni nyingi kuliko zamani, watu walikua wanapelekwa India sasa hivi inafanyika hapa hapa nchini. Mgonjwa akiruhusiwa aandikiwe kwenye karatasi yake, kwa kiswahili, goti lake limetoka wodini likikunja nyuzi ngapi na kunyooka kiasi gani, na wiki ya sita linatakiwa liwe wapi. Kama wiki ya sita halijafika hata 90, huyo siyo wa kuambiwa ongeza mazoezi na kupewa tarehe ya miezi mitatu, maana hiyo miezi mitatu ndo muda wake wenyewe unaomwishia. Kipimo kile ni kipande cha plastiki, hakitaki umeme wala foleni ya eksirei, dakika moja kinamaliza.

Na anayetoka mkoani asitolewe Dar bila kukabidhiwa kwa mtu wa fizio wa huko kwao, kwa jina na kwa simu. Mimi kijana aliyeniokoa yuko kilomita mbili kutoka nyumbani kwangu na nilikaa wiki nane sijui kama yupo! Halafu waiteni ndugu pale kitandani kabla ya kuondoka, siyo mgonjwa peke yake, waonyesheni mto unakaa wapi. Sisi huku mgonjwa haamui peke yake, anaamua wifi, anaamua dada mkubwa, anaamua jirani aliyewahi kuuguza, hao ndo wa kufundishwa.

Leo ni mwaka na miezi kadhaa. Goti langu linakunja nyuzi 100 na bado nyuzi 5 hazijanyooka. Napanda daladala, naenda sokoni Mgandini mwenyewe, usiku nalala. Kuchuchumaa siwezi na nimeambiwa nisitegemee, nasali kwenye kiti, na kuna asubuhi za baridi linakaza mpaka nilisogeze sogeze kwanza ndo nisimame. Kama ningepimwa ile wiki ya sita sijui ningefika wapi, lakini wiki nne zile, toka ya sita mpaka ya kumi nilipokunjwa, nazikumbuka kila nikishuka ngazi.

Mtaa wa pili kuna mama amerudi wiki iliyopita kubadilishwa goti, nilipokwenda kumjulia hali nilikuta mto mnene chini ya goti lake. Nimeuhamisha mwenyewe, na kesho naenda naye kwa yule kijana wa kipimo.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga.