Turudishe Bati za Wenyeji Wetu Kabla ya Mvua za Novemba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa usharika, wazazi wa wanakwaya, na ninyi mlioondoka Morogoro zamani lakini mkisikia Mazimbu bado moyo unashtuka.

Vijana wetu wamerudi kutoka Afrika Kusini. Wote wazima, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini baraza la wazee haliwezi kuitangaza safari hii kuwa imekwisha, kwa sababu kuna deni limebaki Zambia, na ni deni linalotuinamisha vichwa. Watoto wetu wamefika nyumbani kwa fedha za bati za kanisa la wenzetu.

Ilikuwa wakati wa kurudi. Tumeshaipita njia ya Chinsali, tunaelekea Isoka, giza limeingia, injini ya basi ikanoki. Mwenye basi alipopigiwa simu akasema hana gari jingine la kutuma. Mnaojua Juni ya kaskazini mwa Zambia mnajua baridi yake, na vijana wengi walikuwa na fulana za kwaya tu. Waliotuona ni waumini wa kanisa dogo lililo kando ya barabara kuu, tena si wa dhehebu letu. Hawakuuliza sisi ni akina nani. Waligawana watoto nyumba kwa nyumba, wakatoa mablanketi yao wenyewe, wakatupikia nshima na matembele. Binti yetu mmoja alipopandwa na homa usiku, walimbeba hadi zahanati na dawa wakalipia wao.

Asubuhi ndipo tulipoliona kanisa lenyewe. Kuta za tofali za kuchoma zimesimama, kenchi zimepigwa, na juu yake ni turubai la bluu lililochanika katikati, limefungwa kwa kamba na kukandamizwa kwa mawe. Benchi za chini ya pale palipochanika mbao zimeshaanza kuvimba kwa mvua za mwaka jana. Walikuwa wamechanga msimu mzima wa mahindi wanunue bati. Mama mweka hazina wao alizileta zile fedha zimefungwa kwenye pindo la kitenge, noti zina vumbi la unga, akamhesabia mwalimu wa kwaya kwacha 30,000 tukodi gari la kutufikisha Nakonde, tuvuke Tunduma, tupate basi la kuja Morogoro. Hati ya deni hakuidai. Tuliiandika sisi, tukaisaini mbele ya wazee wao.

Wapo wanaouliza kulikuwa na haja gani ya safari ile. Jibu liko hapa kwetu Mazimbu. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, lile shamba la mkonge lililoachwa, wakajenga pale shule waliyoipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Wazee wetu waliwauzia maziwa, waliwafundisha Kiswahili, na waliofia ugenini tukawazika. Shule ikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, makaburi yakabaki, na vijana wetu wanapita hapo kila siku. Safari hii walisimama Mamelodi, kitongoji cha Pretoria, kwa akina Mahlangu, mbele ya sanamu yake, tarehe 16 Juni, siku ambayo nchi ile inawakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa wakiandamana mwaka 1976. Walipoanza wimbo wetu wa taifa, wenyeji wakaudaka kwa maneno yao, maana sauti ni ileile aliyoitunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897. Wazambia nao wanaiimba sauti hiyo. Kina mama wa Mamelodi walilia waziwazi, wakawa wanawashika watoto wetu mikono na kuwauliza habari za Mazimbu.

Sisi ambao wageni walitukuta tukawapa ardhi, tutaanzaje kuwaacha waliotulaza wakinyeshewa? Kule mvua kubwa huanza Novemba.

Tunahitaji shilingi milioni 5. Milioni 3 na laki 4 ni kurudisha kile kiasi cha kwacha, laki 2 ni za zahanati na chakula, milioni 1 ni bati za shukrani juu ya deni, na laki 4 ni nauli ya wajumbe watakaozipeleka kwa mkono. Hadi Jumapili iliyopita mkononi tulikuwa na laki 7 na elfu 60. Kila atakayetoa atapewa stakabadhi, na hesabu itasomwa ibadani, senti kwa senti.

Na hapa tuseme ukweli kwa upendo. Zipo ahadi za safari zilizoandikwa tangu Machi na hazijatimizwa, na wenye nazo wanajijua. Jumuiya tatu hazijarudisha bahasha. Usharika huu ndio ulioezeka nyumba ya mchungaji kwa harambee ya siku moja, wajane wakatoa kuku na wanafunzi wakatoa nauli zao. Hatuamini kwamba mkono ule umekauka.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya Septemba, mara baada ya ibada ya pili. Kutakuwa na mnada, kwa hiyo leteni mbuzi, mikungu ya ndizi, mchele, vitenge. Kwaya itaimba nyimbo ilizojifunza Mamelodi. Aliye mbali amtafute mhazini au mzee wa jumuiya yake ampe namba ya akaunti ya usharika. Wazazi wa wanakwaya wanaombwa kuwahi saa mbili, kwa sababu kina mama wa lile kanisa la Zambia wametuma picha za turubai lao na tungependa mzione kabla kapu halijapita.