Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo: kimbunga kikipita kaskazini yetu, bahari inakuja kwetu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Tunakusalimu kwa heshima.

YAH: MAAGIZO YA KIMBUNGA KWA PWANI YA BAGAMOYO

Sisi ni manahodha, wavuvi na mafundi paa wa pwani hii, na ombi letu ni moja. Kabla ya Novemba, msimu wa vimbunga unapoanza, wilaya iwe na maagizo yake ya ukurasa mmoja: tangazo la kimbunga likishatoka, nani afanye nini, na saa ngapi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo itoayo tangazo. Hatua zinazofuata hapa ufukweni hakuna atakayezipanga ila sisi wenyewe, chini ya uongozi wako.

Wapo wanaoamini kwamba Bagamoyo haipigwi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, na huku ng'ambo kikabomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua kisiwa cha Mafia, na kabla mwezi haujaisha Ialy nacho kikapita baharini mashariki yetu, kikielekea kaskazini. Vyote viwili vilikuja Mei, ilhali kwenye kalenda msimu huishia Aprili. Kwa hiyo maagizo yasifungwe kabatini mvua za masika zikiwa bado zinanyesha.

Jambo ambalo Hidaya hakikutuonyesha ndilo linalotutia hofu zaidi. Kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kimbunga kikitoka mashariki na kitovu chake kikatua kusini yetu, kama kilivyotua Mafia, upepo wake huku kwetu hutoka bara na kuyasukuma maji nje. Kitovu kikitua kaskazini yetu, tuseme Saadani au Pangani, upepo hutoka baharini na kuyaleta maji moja kwa moja ufukweni. Mtu akisikia redioni kwamba kimbunga "kinaelekea Pangani" atapumua, na hapo ndipo anapaswa kuhama. Tunaomba sentensi hiyo iandikwe juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa.

Kimo cha maji hutegemea pia mwezi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari yetu hupanda na kushuka takriban mita 4, na kilele huja karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Shinikizo la hewa likishuka hektopaskali 1, bahari huinuka sentimita 1, kisha upepo huongeza juu yake. Kimbunga kikifika maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, mji una nafasi. Kikifika kilele cha bamvua, soko la samaki na nyumba zote zilizo sawa nalo zitakuwa majini. Kamati ya maafa isome jedwali la maji pamoja na taarifa ya hewa, isisome moja bila nyingine.

Tuje kwenye vyombo, maana hapa ndipo muda hupotea. Ufukwe wetu ni bapa. Maji yakipwa, mashua hubaki mchangani mbali, na hakuna nguvu ya watu itakayoikokota hadi juu. Chombo hupandishwa kwenye kilele cha maji kujaa, basi. Kati ya kilele na kilele kuna saa 12 na dakika kama 25, kwa hiyo onyo la saa 24 lina nafasi mbili tu, na moja huenda ikawa gizani. Amri ya kupandisha vyombo ikitoka saa nne asubuhi, maji yakiwa yanapwa, watu watasubiri hadi jioni, na jioni upepo utakuwa umeshafika. Itoke saa 36 kabla, ikitaja kilele kinachokusudiwa. Magogo ya minazi ya kuviringishia yawe tayari yamerundikwa juu ya alama ya bamvua, kwa sababu kwenye maji mafu chombo huishia chini zaidi na safari ya kukivuta ni ndefu.

Ngalawa ivuliwe tanga na foromali, yaani mti unaoshika tanga, mlingoti ulazwe. Boti ya faiba itolewe mashine, igeuzwe au ijazwe maji nusu ili upepo usiibebe. Mashua kubwa isiyoweza kupandishwa iingizwe mapema kwenye mkono wa bahari wenye mikoko, ifungwe pande nne kwa kamba ndefu. Kamba fupi ni kosa la kila mara: maji yakipanda kuliko kawaida, kamba hukaza, huinamisha ubavu, na chombo huzama kikiwa kimefungwa vizuri kabisa.

Wavuvi tumezoea kusikia "upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2", na wengi hutoka hivyo hivyo. Kimbunga kamili huanzia kilomita 118 kwa saa. Kasi ikizidi mara tatu, nguvu ya upepo huzidi mara tisa. Kwa hiyo bango la sokoni lisitosheke na neno Angalizo au Tahadhari. Ipandishwe bendera yenye rangi ya tangazo, na chini yake saa ya mwisho ya kurejea ufukweni.

Paa huanza kung'oka pembeni. Kwenye kingo za chini, ubavuni na kwenye kofia, msumari upigwe kila mgongo wa bati. Katikati unaweza kuruka mgongo mmoja. Bati jembamba huchanika kwenye tundu la msumari hata kama msumari haukung'oka. Na kenchi nyingi mjini zimelazwa tu juu ya tofali: zifungwe kwa waya wa kufungia nondo, nyuzi nne zilizosokotwa, zipite chini ya linta. Paa la baraza lisiunganishwe na paa kubwa, ili likibebwa liende peke yake. Mawe na matairi yaliyowekwa juu ya bati yashushwe kabla.

Shule zitakazopokea watu zikaguliwe hivyo mwezi wa kumi, na fundi apande juu, asitazame kutoka uwanjani. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wetu zisitumike. Ukuta wa matumbawe na chokaa ulionyonya masika nzima ni mzito na dhaifu kwa wakati mmoja. Watu waambiwe pia kwamba upepo ukikatika ghafla huenda ni kitovu kinapita, na baada ya muda mfupi utarudi kutoka upande wa pili.

La mwisho ni mto Ruvu. Mvua ya kimbunga ikinyesha milima ya Uluguru, maji yake hutufikia baadaye, wakati anga limeshatakata na watu wamerudi mashambani. Bahari ikijaa hulizuia furiko lisitoke, nalo hutandaa bondeni. Ruhusa ya kurudi bonde la Ruvu itolewe peke yake, baada ya kupata habari kutoka Morogoro, isichanganywe na ruhusa ya mjini.

Majedwali ya maji tunayo, na nakala tutazileta ofisini kwako siku utakayotupangia.

Wako watiifu,

Manahodha, wavuvi na mafundi paa, Bagamoyo