Kwa Mama Neema, Kuhusu Ratiba Uliyoichana

Buruburu, Nairobi
Jumapili, baada ya magharibi

Mpendwa Mama Neema,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Sisi hatujambo, isipokuwa mafua ya kitinda mimba ambayo yamekuwa kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama jikoni, mara ya pili nikiwa nimeketi ndani ya matatu, na nilipofika pale ulipoeleza jinsi ulivyoichana ile ratiba ya rangi nne uliyokuwa umeibandika kwenye friji, nilicheka hata kondakta akageuka kunitazama. Usidhani nilikucheka wewe. Nilijicheka mwenyewe, kwa sababu nami niliwahi kubandika ya kwangu, tena iliyogawanywa kwa robo saa, na haikumaliza wiki ukutani. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Mistari ya mwanzo niliiandika Alhamisi, nikaiacha, na ndiyo kwanza nimepata wasaa wa kuirudia.

Umeniuliza ninafanyaje, ilhali nina watoto watatu na baba yao huwa kwenye lori kuelekea mpakani Malaba siku nne kati ya saba. Jibu ni kwamba niliacha kugawa dakika. Ninagawa siku kwa vipindi vichache vipana, na kila kipindi nakipa kazi moja kuu ambayo ni ndogo kuliko kipindi chenyewe. Mengine yote nitakayokuandikia hapa ni maelezo ya sentensi hiyo.

Ratiba yangu ya robo saa ilivunjika asubuhi moja ya Aprili, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Gari la shule ambalo hufika saa kumi na mbili na dakika kumi lilifika karibu saa moja. Kuanzia hapo kila mstari ulikuwa umekwisha kuwa uongo kabla sijaufikia, nami nikashinda nikikimbiza deni ambalo halikuwa na mkopeshaji. Jioni nilihesabu niliyoyafanya, nikakuta ni mengi, lakini kwa sababu hayakufanyika katika saa zake nilijiona nimeshindwa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi: karatasi ilikuwa inanihukumu kwa mvua.

Kumbe udhaifu huu una watu waliouchunguza. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kwamba mtu anapokadiria muda wa kazi huiwazia kazi hiyo ikienda vizuri, akasahau zilivyochelewa nyingine za aina ile ile alizozifanya zamani. Nilipolisikia hilo nilichukua daftari, nikaandika kwa wiki nzima muda ambao mambo ya nyumbani kwangu yalichukua kweli. Kuogesha watoto wawili wadogo, ambako nilipanga kuchukue dakika 15, kulichukua 35. Kutoka mlangoni hadi ofisini kwa mteja wangu wa Industrial Area, ambako si mbali hata kidogo, kulichukua dakika 25 siku moja na saa moja na dakika 10 siku iliyofuata. Ukitaka kuanza mahali fulani, anza na daftari hilo, hata kabla ya kupanga chochote.

Na usikubali mtu akutishe kwa mifano ya wakubwa. Benjamin Franklin wa Marekani, yule mpiga chapa wa Philadelphia aliyekuja kuwa mwanasiasa, aliigawa siku yake yote katika sehemu sita tu, na asubuhi alijiuliza ni jema gani atakalolifanya siku hiyo. Yeye mwenyewe alikiri kwamba utaratibu ndio uliomshinda kuliko mengine, na kwamba mpango wa namna ile unamfaa mfanyakazi mwenye uhuru na muda wake kuliko bwana mwenye kazi ambaye watu humjia saa wazitakazo wao. Basi mama wa watoto ni bwana mwenye kazi wa aina hiyo, na wateja wake hawapigi hodi. Tena Franklin alikuwa na mke nyumbani.

Sasa nikueleze vipindi vyenyewe. Wewe si Mwislamu, lakini ulikaa South B miaka mingi karibu na msikiti, kwa hiyo adhana unaijua kama mimi. Sala ya adhuhuri huingia hapa Nairobi yapata saa sita na nusu mchana, na wakati wake hauishi mpaka alasiri, kabla kidogo ya saa kumi. Ni zaidi ya saa tatu, na sala yenyewe ni ya dakika chache. Kuiwahi ni bora, lakini aliyesali saa nane amesali ndani ya wakati wake, wala hahesabiwi kuwa amechelewa. Nimesali maisha yangu yote bila kutambua kwamba ratiba niliyokuwa nikiitafuta kwenye intaneti nilikuwa nayo. Kipindi kina mwanzo na mwisho unaojulikana, kazi iliyomo ni fupi kuliko kipindi, na mahali pa kuiweka ndani yake unachagua wewe kulingana na siku ilivyoamka.

Si lazima yawe mambo ya dini. Lugha yetu yenyewe imekwisha kukugawia siku: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Na hapa kwetu karibu na ikweta jua halituchezei shere, kwani tofauti kati ya siku linapochomoza mapema zaidi na siku linapochelewa zaidi ni kama nusu saa tu katika mwaka mzima. (Simu ndiyo inayotuchezea. Mwaka jana niliandika kliniki ya mtoto saa nne kwa hesabu yetu, simu ikaniamsha saa kumi za alfajiri. Tangu siku hiyo simuandikii simu saa, namuandikia daftari.)

Yako mambo ambayo hayana upana, na hayo nayaita vigingi. Mbuzi hula urefu wa kamba yake, na kabla ya kuipima kamba lazima ujue kigingi kimechimbiwa wapi. Vyangu ni gari la shule asubuhi. Maji ya mgao ambayo mtaani kwetu huja Jumanne na Ijumaa, nisipojaza mapipa ndiyo basi. Na tarehe mbili za kila mwezi, ya 9 ambayo ni mwisho wa kupeleka kodi ya mishahara, na ya 20 ambayo ni ya kodi ya ongezeko la thamani, kwa kuwa ninatunza hesabu za maduka sita na wenyewe hukumbuka risiti zao siku ya mwisho. Vigingi ni vile tu vilivyochimbiwa na watu wengine. Kosa letu sote ni kujichimbia vya kwetu: kufua Jumamosi saa mbili, chapati Jumatano. Nani alisema lazima chapati ziwe Jumatano?

Kipindi ninachokithamini kuliko vyote ni cha magharibi, na hapa nitakuomba ubadilishe hesabu yako. Kwa wazee wa pwani siku huingia jua linapotua, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwao ni ule ambao wengi wetu tunauita wa Alhamisi, na hata redioni bado utasikia wakisema usiku wa kuamkia Ijumaa. Zamani kazi za jioni nilizifanya kama mkia wa siku iliyonichosha, kwa hiyo nilizifanya vibaya au niliziacha. Nilipoanza kuziona kama kichwa cha siku inayokuja, mambo yalibadilika. Sare zinapigwa pasi, viatu vinapangwa mlangoni, mifuko inafunguliwa yote mezani na kila mtoto anaulizwa mbele yangu kama mwalimu ameagiza kitu. Unajua mwenyewe shule za siku hizi. Mtaala huu wa umilisi una mazuri yake, lakini haukosi kukuletea mtoto saa tatu usiku akikwambia kwamba kesho wanatakiwa kupeleka vifuniko 20 vya chupa na gunzi la hindi. Chini ya kitanda changu kuna katoni la takataka zenye heshima: vifuniko, maboksi, gunzi, majani makavu, vipande vya kitambaa. Limeniokoa mara nyingi kuliko ratiba yoyote. Cha kuchapishwa nakijua kabla ya magharibi kwisha, saiba ya hapa chini, kile kiduka cha kompyuta na kuchapisha, ikiwa bado haijafungwa.

Asubuhi sina la kukueleza sana. Ikiwa magharibi ilikwenda vizuri, asubuhi ni chai, nywele na kelele.

Baada ya gari la shule kuondoka nina kipindi kikubwa cha kazi mpaka adhuhuri, na kingine kidogo kuanzia saa nane. Cha kwanza nakipa hesabu zinazohitaji akili, cha pili nakipa simu na risiti. Baina ya alasiri na magharibi nimeacha kipindi kitupu, na hiki watu hawakielewi. Shemeji yangu alikiita uvivu. Lakini Jumanne iliyopita mwalimu alinipigia simu saa nne kwamba wa kati ana homa. Nikaenda, nikamleta, nikampa dawa, akalala. Hesabu za asubuhi sikuzibana katika nusu saa iliyobakia, wala sikuzipeleka saa sita za usiku kama nilivyokuwa nikifanya. Nilizihamishia katika kile kipindi kitupu, na zilizosalia nikazipeleka Jumatano. Sheria yangu ni hiyo moja: kipindi kikivunjika, kilichobaki huhamia kipindi kingine na hakikatwi vipande vya kuchomekwa huku na huku, na hakuna ruhusa ya kuiba usingizi. Siku ambazo hakuna anayeugua, kipindi kitupu naketi nacho kibarazani, nanywa chai, na sioni haya.

Kwako wewe mambo ni tofauti kidogo kwa sababu ya mdogo. Miezi mitatu ya likizo ya uzazi ambayo sheria ya ajira ya mwaka 2007 inatupa imekwisha, mtoto bado ni wa kunyonya, na unatoka Rongai kila siku kwa ile Magadi Road. Mtoto wa miezi minne hajui saa, kwa hiyo usimpangie saa. Andika mfuatano wake tu, anyonye, acheze, alale, na kazi zako za nyumbani zifuate mfuatano huo popote utakapoangukia. Kazini nenda ukaulize bila kuogopa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na akupe mapumziko ya kufanya hivyo. Ukishakubaliana nao, mapumziko hayo yageuze kuwa vigingi, usiyaache yawe ya kuombwa kila siku.

Jambo la mwisho linamhusu Baba Neema, na utanisamehe nikiingilia. Umeandika kwamba hukusaidia sana ukimwambia la kufanya. Hapo ndipo mzigo ulipo, kwa maana kumwambia nako ni kazi, na kazi hiyo haikuwa na mstari hata mmoja katika ile ratiba ya rangi nne. Mpe kipindi kizima, pamoja na kufikiri kwake. Kama ni magharibi ya Jumatatu na Alhamisi, basi yeye ndiye anayefungua mifuko, anayeuliza kuhusu vifuniko, anayepanga viatu. Siku ya kwanza mtoto atakwenda shule na soksi za rangi mbili. Mwache aende. Mume wangu alianza na Jumapili peke yake, siku ambayo huwa hayuko njiani, na sasa Jumapili sijui hata pasi ilipo. Ndiyo maana leo nimepata nafasi ya kuimaliza barua hii. Msaidizi wako wa nyumbani naye muulize kabla ya kuandika lolote, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua siku ya nyumba yako kati ya saa moja na saa kumi na mbili, nawe unaisikia kwa simu tu.

Usipange vipindi vyote kwa pamoja. Chukua magharibi peke yake kwa wiki mbili, ukiwa na lile daftari la muda pembeni. Jumamosi ijayo baada ya adhuhuri sina kigingi chochote. Njoo na mtoto na daftari, uje kwa wasaa wako, iwe saa nane au saa kumi. Maharagwe nitakuwa nimeyachemsha tangu asubuhi, na kama barabara itakukwamisha, tutayala jioni.

Nisalimie Baba Neema na watoto wote.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Latifa